Joto la ekzosi: tuanzie chini ya gari
Altezza ya binamu ilinichoma miguu kutoka Tabora hadi Nzega. Nilidhani ni jua. Kumbe bati la kukinga joto la ekzosi lilishadondoka. Injini ilipopoa, fundi alitafuta kwanza panapovuja, maana kaboni monoksidi haina harufu na inaua. Akachomelea ufa. Kisha tukakata kipande cha bati la alumini, tukakifunga kwa bolti, tukiacha nafasi ya kidole hewa ipite. Alumini inayong'aa hurudisha joto, hewa hulibeba. Usiweke sponji, litashika moto. Kuta nene za tembe la Kwihara, njia ya misafara, alikokaa Livingstone 1872, zinafundisha hilohilo: joto lizuie nje, usisubiri liingie.