Dondoo muhimu: Makato ya Medicare kwenye pensheni ya Marekani

Mstaafu wa Marekani anayepokea pensheni ya Hifadhi ya Jamii halipi mwenyewe mchango wa Sehemu B ya Medicare (bima ya afya ya serikali kwa wazee), ile inayogharamia daktari na vipimo. Hukatwa kabla fedha hazijaingia benki. Mwaka 2025 kiwango cha kawaida kilikuwa dola 185 kwa mwezi, hivyo mwenye pensheni ya dola 1,500 alipata 1,315. Sehemu A, ya kulazwa hospitali, wengi hawailipii, kwa kuwa wao au wenzi wao walishaichangia kazini kwa angalau miaka 10.

Asiyeanza kuchukua pensheni hutumiwa ankara ya Sehemu B, kwa kawaida ya miezi 3 kwa mkupuo. Sehemu D, ya dawa, haikatwi mpaka mwanachama aombe kwa kampuni ya bima. Ombi likikawia, malimbikizo ya miezi miwili au mitatu huweza kukatwa kwa pamoja. Hapo ndipo mtu hushtuka akidhani ameibiwa.

Kosa ghali zaidi ni kuchelewa kujiandikisha katika Sehemu B. Dirisha hufunguliwa miezi 3 kabla ya mwezi wa kutimiza miaka 65 na hufungwa miezi 3 baada yake. Anayelikosa, naye hana bima ya kazini, huongezewa asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili aliyochelewa, na nyongeza hiyo kwa kawaida haiondoki tena. Wenye kipato kikubwa nao hulipa zaidi, kwa kufuata ritani ya kodi ya miaka 2 nyuma. Aliyeshuka kipato kwa kustaafu anaweza kuomba hesabu ifanywe upya.