Tiba ya Usemi kwa Mtoto Aliyechelewa Kusema

Mtoto atimizapo miaka miwili bila ya kusema, wazee husema, "Hata baba yake alichelewa." Mara nyingine kauli hiyo ni ya kweli, kwani watoto wengi wa namna hiyo huwafikia wenzao bila ya msaada. Lakini mzazi hawezi kutambua kwa macho tu kama wake ni miongoni mwao, na wakati upoteao kwa kungoja ndio ule ambao ubongo hupokea lugha kwa wepesi.

Kwa kawaida neno la kwanza hutokea mtoto akaribiapo mwaka mmoja. Afikapo miezi 24 huunganisha maneno mawili, kama vile "mama njoo". Ikiwa hafanyi hivyo, jambo la kwanza ni kupimwa masikio, maana mtoto hawezi kuiga asichokisikia. Ugonjwa nao huweza kuwa chanzo: huko Kilifi, Kenya, watafiti waliona kwamba baadhi ya watoto waliopona malaria kali hubaki na upungufu wa lugha. Ama desturi ya kumkata mtoto utando ulio chini ya ulimi haifai kitu hapa. Utando mfupi waweza kutatiza kunyonya, lakini haumzuii mtoto kujifunza maneno.

Tiba yenyewe haina dawa wala sindano. Mtaalamu humfundisha mama kufuata macho ya mtoto na kukitaja kile anachokitazama. Mtoto akisema "gari", haambiwi "sema vizuri", huongezewa: "Gari kubwa. Gari linakwenda." Hivyo hupata neno jipya pamoja na upatanisho wa kisarufi, ingawa hakuna aliyemfundisha sarufi. Wakati mwingine mama hushika kikombe cha uji, akanyamaza kidogo, ili mtoto apate nafasi na sababu ya kusema. Kunyamaza huku ndiko kugumu zaidi kwa wazazi wengi, ambao wamezoea kumjibia mtoto kabla hajafungua kinywa.

Je, tiba hii hufaa? Mapitio ya majaribio yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kuwa huwafaa hasa watoto wenye upungufu wa msamiati au wa matamshi. Kwa wasioelewa wanayoambiwa, ushahidi ulikuwa hafifu. Mapitio mengine ya mwaka 2011 yalionyesha kwamba wazazi waliofunzwa huweza kuitekeleza wenyewe kwa mafanikio.

Tokeo hilo lina uzito mkubwa katika Afrika Mashariki, ambako wataalamu ni wachache mno. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kuwafundisha mwaka 2008 tu. Kutokana na uhaba huo, mtoto mwingi hufika shuleni akiwa bado hajapimwa. Huko hushindwa kusoma, kwa kuwa maneno yaliyomo kitabuni hajapata kuyajua kwa sikio, na mara nyingi huhesabiwa kuwa mvivu.