Chunusi usoni: soma tyubu kabla ya kupaka

Ukishuka kwenye pikipiki Luberizi mwezi wa saba, uso una matabaka mawili: vumbi juu, jasho chini. Ndiyo maana kijana akitokwa na chunusi huambiwa haogi. Msichana huambiwa jingine, kwamba mwili unataka mume. Yote mawili ni maneno ya barazani. La kwanza lina madhara zaidi, kwa sababu anayeliamini husugua uso kwa sabuni ya kufulia na kitambaa kigumu mpaka ngozi iwake, na chunusi zinaongezeka.

Kazi ya chunusi hufanyika ndani, mahali sabuni isipofika. Kila kinyweleo kimeota kwenye kitundu chenye tezi ndogo ya mafuta. Balehe ikifika, homoni huiamsha tezi hiyo. Mafuta yanazidi, ngozi iliyokufa inaziba mdomo wa kitundu, bakteria wanaoishi humo siku zote wanapata nafasi ya kuzaana, kisha mwili unajibu kwa uvimbe na usaha. Kwa hiyo hata anayeoga mara tatu kwa siku anaweza kutokwa nazo. Karanga nazo zinasingiziwa bure. Sukari nyingi, na kwa baadhi ya watu maziwa, vinaweza kuchochea. Sombe na ndagala wako kula bila wasiwasi.

Sasa tuje sokoni, maana hapo ndipo nyuso nyingi zinapoharibikia. Mdogo mtu anauliza, "Yaya, nipake nini?" Yaya anamtuma akanunue kikopo kisicho na jina, au tyubu ya mafuta ya kung'arisha. Siku ya tatu uso umetulia, siku ya kumi unang'aa, na wote wawili wanaamini dawa imepatikana. Kumbe ndani mna steroidi, dawa kali inayozima uvimbe kwa muda huku ikiidhoofisha ngozi. Wiki zinapita, vipele vidogo vyekundu vinazuka kwa wingi, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, jua linauma. Akiacha kupaka, uso unalipuka, akirudia, unatulia. Hivyo ndivyo anavyofungwa.

Kwa hiyo geuza tyubu usome maandishi madogo. Ukiona "clobétasol" au "bétaméthasone", hiyo ni steroidi kali, usipake usoni. "Hydroquinone" ni ya kufifisha rangi. Haitibu chunusi, na ikitumiwa muda mrefu bila uangalizi inaweza kuacha weusi wa kudumu. "Mercure" ni zebaki, sumu inayopenya ngozi na kuharibu figo. Mama anayeipaka anaweza kumfikishia hata mtoto anayemnyonyesha. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, unaotumika tangu 2017, umeigusa pia mikorogo ya aina hii. Kikopo kisicho na maandishi kabisa kiache pale pale, hata kama muuzaji ni shangazi yako. Aliyekwisha kupaka steroidi kwa miezi asiache ghafla peke yake. Amwone muuguzi au daktari ampangie namna ya kupunguza.

Tyubu ya kutafuta famasi ni ile iliyoandikwa "peroxyde de benzoyle". Chukua ya asilimia 2.5 au 5. Ya 10 haiponyi haraka zaidi, inachoma tu. Jioni nawa uso kwa maji na sabuni laini ya kuogea, kwa vidole, bila kusugua. Kopo moja la maji latosha, hata siku bomba limekauka. Acha uso ukauke, kisha paka dawa kidogo sana eneo lote linalotokwa na chunusi, maana vitundu vya kesho vimeshaanza kuziba leo bila wewe kuviona. Wiki mbili za kwanza paka siku moja, ruka siku moja. Ngozi itakauka na kubabuka kidogo, ikiwaka, punguza. Na tahadhari ya nyumbani: dawa hii inapausha nguo. Kitenge kizuri usikilalie.

Ipo nyingine, "adapalène", hupakwa usiku na huzibua vitundu vyenye vichwa vyeusi na vyeupe. Mjamzito asiitumie. "Acide azélaïque" mjamzito anaweza kuitumia kwa ushauri wa mhudumu, nayo husaidia pia madoa meusi. Ila dawa zote hizi ni za polepole. Hesabu wiki nane hadi kumi na mbili kabla ya kusema imeshindwa. Andika siku ya kuanza kwenye kalenda ya ukutani, la sivyo wiki ya tatu utarudi kwenye kikopo.

Kuna neno la kusema juu ya doksi. Huku kwetu doxycycline inajulikana kwa sababu ya kipindupindu, na vidonge vilivyobaki hukaa ndani ya kabati. Ni kweli daktari huiandika kwa chunusi kali, lakini kwa wiki kadhaa mfululizo, pamoja na dawa ya kupaka, si vidonge vinne vya jirani. Mjamzito na mtoto mdogo hawapewi. Inamezwa kwa maji mengi, na usilale papo hapo, kwani inaweza kuunguza koo. Tena inafanya ngozi iungue haraka kwa jua, na jua la bonde la Ruzizi mnalijua wenyewe mnaoshinda kwenye mpunga.

Mafuta ya mawese na ya mise weka kwenye sufuria. Yakipakwa usoni, au kwenye nywele hadi yakashuka kwenye paji, yanaweza kuziba vitundu. Dawa ya meno, ndimu na majivu huunguza ngozi, na palipoungua hubaki doa. Waendesha pikipiki huona vipele kidevuni, pale ukanda wa kofia unapokaza. Usafishe ukanda huo na uulegeze ukiwa umesimama. Na usikamue. Ngozi yetu nyeusi hukumbuka kila jeraha: doa hukaa miezi, na kwa wengine kovu huvimba, hasa kwenye taya na kifua. Kofia pana shambani huzuia madoa yasizidi weusi.

Si kila kipele ni chunusi, na mkoa wetu una sababu ya kuwa makini. Aina mpya ya mpox ilijitokeza Kamituga mwaka 2023, ikafika hadi Uvira, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura. Chunusi haileti homa wala haivimbishi tezi za shingo na kinena, na haioti kwenye viganja au nyayo. Ukiona hayo, au vidonda sehemu za siri, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo na usimguse mtu ovyo. Vipele vinavyowasha usiku katikati ya vidole, tena kwa nyumba nzima, ni upele. Vile vya kidevuni baada ya wembe ni nywele zilizojikunja na kurudi ndani. Acha ndevu ziote kidogo.

Mwone mhudumu pia kama una mafundo makubwa yenye maumivu, makovu yameanza, au dawa ya kupaka imemaliza miezi mitatu bila nafuu. Mwanamke ambaye hedhi yake imevurugika huku ndevu zikimwota, au aliyeanza kutokwa na chunusi baada ya sindano au kipandikizi cha uzazi wa mpango, aseme hivyo waziwazi. Asikitoe kipandikizi kwa shauri la jirani. Ukienda, beba tyubu zote ulizowahi kupaka, na kile kikopo kisicho na jina kitangulie.