Dondoo muhimu: Kulijaribu gari la bei nafuu Tabora

Mwanachuo wa Tabora anayetafuta gari dogo la bei nafuu, ambalo kwa kawaida limekwisha kutumika Japani, alikute injini yake ikiwa baridi, kwa kuwa injini iliyopashwa moto mapema huficha ugumu wa kuwaka pamoja na moshi wa buluu, yaani dalili ya oili kuungua ndani. Baada ya lami, aliendeshe kwenye njia za vumbi upande wa Kwihara, kwani huko ndiko zinakopimika shokapu, vifaa vinavyomeza mitikisiko ya magurudumu: gari likiendelea kudunda baada ya kupita shimo, zimechoka. Leseni na bima vitangulie safari hiyo ya majaribio. Fundi asiyefungamana na muuzaji alikague kabla ya malipo yoyote.