Dondoo muhimu: Ombi linapofika mbele ya bodi

Barua ya ombi haiamuliwi na bodi mpaka mjumbe aigeuze kuwa hoja. Ndivyo zinavyoelekeza Robert's Rules of Order, kanuni za vikao zilizotungwa na Henry Martyn Robert na kuchapishwa Marekani mwaka 1876, ambazo bodi nyingi za huko huzifuata hadi leo. Akidi ikishatimia, katibu husoma barua, kisha mjumbe hutoa hoja yenye maneno kamili: kiasi gani, kwa nani, kufikia lini. Hoja isiyotaja kiasi wala tarehe huzaa ugomvi kikao kinachofuata.

Mjumbe mwingine huiunga mkono, hujadiliwa, hurekebishwa ikibidi, ndipo kura hupigwa. Katika bodi ndogo, yenye wajumbe wasiozidi 12 hivi, hoja haihitaji kuungwa mkono, na mwenyekiti huruhusiwa kuchangia na kupiga kura. Taarifa zisipotosha, ombi hupelekwa kwa kamati iliyopewa tarehe ya kurudisha ripoti. Bila tarehe, ombi hufia huko. Mjumbe mwenye maslahi binafsi ya fedha katika ombi hapaswi kulipigia kura.

Kumbukumbu hubeba hoja neno kwa neno pamoja na uamuzi, si hotuba za wasemaji, na mwombaji hujibiwa kwa maandishi.