Ibada za Wahindu katika Mwambao wa Rumonge: Sheria Yasemaje?

Jirani akisikia kengele na nyimbo ngeni nyumba ya pili, huwa mwepesi kusema kwamba Wahindi wameleta dini mpya. Tuanze na maneno yenyewe. Mhindi ni mtu wa asili ya Bara Hindi. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Uhindu. Wahindi wengi wa Afrika Mashariki ni Waislamu wa Ismailia au Bohora, na wapo Masingasinga na Wajaini. Wala si lazima Mhindu awe Mhindi: harakati ya Hare Krishna, iliyoasisiwa New York mwaka 1966, inao wafuasi Waafrika. Na upya wenyewe uko wapi? Methali ya "Baniani mbaya, kiatu chake dawa" ni ya kale, na yaonyesha kwamba jirani huyu tulimtegemea huku tukimsema.

Ibada yenyewe hufanyika sana nyumbani. Mbele ya picha au sanamu ya Krishna, Rama au Durga huwashwa taa na ubani, huwekwa maua na matunda, huimbwa nyimbo za kumsifu Mungu, kisha chakula kilichotolewa hugawiwa waliohudhuria. Wengi wao hawali nyama wala samaki, jambo gumu kueleweka katika mji wa mukeke na ndagala! Uchawi haumo.

Katiba ya Burundi yasema kuwa nchi haina dini ya serikali, na kwamba uhuru wa dini unaheshimiwa. Hata hivyo, sheria ya tarehe 31 Desemba 2014 inayataka madhehebu yote yaandikishwe katika Wizara ya Mambo ya Ndani, yakionyesha kanuni zao, anwani ya makao na majina ya viongozi. Dhehebu la hapa nchini lapaswa kuwa na waumini wasiopungua 300. Lenye asili ya nje, 500.

Hapo ndipo penye uzito. Familia tatu au nne za Rumonge zitawapata wapi watu 500? Je, ziache kusali? La. Sheria hiyo inaratibu madhehebu, na baba anayewasha taa pamoja na wanawe hajaanzisha dhehebu. Lakini akitundika kibao mlangoni, akateua kuhani, akakusanya sadaka na kuwaalika watu kila juma, mambo yamebadilika, na kiongozi wa dhehebu lisiloandikishwa aweza kufungwa gerezani. Njia salama ni kujiunga na chombo cha Wahindu kilichokwisha kuandikishwa. Maandamano ya sikukuu barabarani yana sheria yake, ya Desemba 2013.

Sheria ya 2014 hairuhusu mtu kuwa muumini wa madhehebu mawili kwa wakati mmoja. Mkatoliki aliyekula halua ya Diwali kwa jirani, kwa maoni yetu, hajaingia dhehebu lolote.

Mwimbaji anayevuka ziwa kutoka Kigoma huonyesha hati za safari kama mvuvi na mchuuzi. Sanamu aliyoibeba huitangaza forodhani.

Kelele zikizidi usiku, mlalamikaji aeleze saa na kelele, asieleze miungu. Asiingie nyumbani mwa mwenzake kwa nguvu. Anayevunja sanamu ya jirani atajibu kwa kuharibu mali ya mtu, hata akidai kwamba alikuwa akiitetea dini yake.