Redio na Spika za Gari: Ufunge Mwenyewe au Umpe Fundi?

Magari mengi tunayoendesha katika Kaunti ya Mombasa yaliteremshwa bandarini yakiwa yametumika Japani. Mwenye gari hukutana na shida moja siku ya kwanza: maandishi ya redio ni ya Kijapani, na stesheni anazozipenda hazishiki. Redio hiyo si mbovu. Redio za Japani zilitengenezwa kushika FM kuanzia 76 hadi 90, na za miaka ya karibuni hadi 95. Stesheni za Kenya ziko kati ya 87.5 na 108, kwa hivyo nyingi zinapita mahali redio hiyo inapofika.

Hapo ndipo swali la somo hili huanza. Je, ununue redio mpya uifunge mwenyewe, au umpelekee fundi? Na ukitaka kuongeza amplifaya na spika ya besi, je?

Wengi hujibu kwa kuangalia pesa tu. Ni afadhali kuangalia kwanza waya utakaoguswa. Kanuni ya kukumbuka ni hii: kazi ya kuchomeka soketi kwa soketi, mwenye gari aliye makini anaweza kuifanya. Kazi ya kukata nyaya za gari, kuvuta waya mpya kutoka kwa betri, au kugusa mfumo wa mifuko ya hewa ya usalama, mpe fundi.

Hatari iko wapi?

Gari dogo hutumia umeme wa volti 12. Umeme huo hauwezi kukurusha kama ule wa nyumbani, na ndiyo maana watu hauwatishi. Lakini betri ya gari ina nguvu ya kuzungusha injini, na inaweza kusukuma mamia ya ampea kwa mara moja. Waya wenye umeme ukichubuka na kugusa bodi ya gari bila fyuzi ya kuukatiza, hupata moto kwa sekunde chache. Plastiki yake huyeyuka, kisha zulia na viti hushika moto.

Kumbuka pia aina ya bima uliyo nayo. Bima ya mtu wa tatu pekee hulipia hasara uliyomsababishia mwingine. Gari lako likiungua, hailipi. Kwa mwenye Probox anayepeleka mboga soko la Kongowea kila alfajiri, hiyo ni kazi na mtaji kwenda pamoja.

Kazi unayoweza kufanya mwenyewe

Kama shida yako ni stesheni tu, huenda huhitaji redio mpya. Kuna kifaa kidogo cha kupanua masafa ya FM. Huchomekwa kati ya waya wa antena na redio, na hushusha stesheni zetu zifike mahali redio ya Kijapani inaposhika. Kinahitaji pia umeme kidogo na waya hasi, kwa hivyo fuata maelezo yake.

Kama unabadilisha redio, au spika za mlangoni kwa nyingine za kipimo kile kile, fuata hatua hizi:

1. Hakikisha gari lako ni la volti 12. Malori mengi na mabasi makubwa hutumia volti 24, na redio ya volti 12 ikifungwa humo moja kwa moja huungua.

2. Zima gari, toa ufunguo, kisha ondoa waya hasi wa betri, ule wenye alama ya kutoa. Subiri dakika mbili au zaidi, kwa sababu mfumo wa mifuko ya hewa hubaki na umeme kwa muda. Tahadhari: redio nyingine za Kijapani hujifunga betri ikiondolewa, na hudai namba ya siri au kadi ya ramani. Kama unakusudia kubaki na redio ile ile, ulizia jambo hili kwanza.

3. Ng'oa fremu ya dashibodi kwa kipande cha plastiki. Bisibisi huacha alama na huvunja vishikizo.

4. Piga picha ya nyaya na soketi za nyuma kwa simu kabla ya kuchomoa chochote.

5. Nunua soketi ya kuunganishia inayolingana na gari lako, ile ambayo wauzaji huiita hanesi. Upande mmoja huingia kwenye soketi ya gari, na upande wa pili una nyaya za kuunganisha na redio mpya. Ukiwa nayo, hukati hata waya mmoja wa gari. Siku ya kuuza gari, unarudisha redio ya zamani kwa dakika chache.

6. Unganisha nyaya za hanesi na za redio mezani, nje ya gari. Tumia risasi ya kulehemu au viungio vya kubana, na funika kila kiungo peke yake kwa mpira unaobana ukipashwa moto. Tepu peke yake haifai: kwa joto la Pwani gundi yake hulegea, na hewa ya chumvi huingia na kuozesha shaba.

7. Rudisha waya wa betri, jaribu kila spika, ndipo ufunge dashibodi.

Rangi za nyaya

Redio nyingi zinazouzwa madukani hufuata rangi hizi:

Manjano: umeme wa betri wa wakati wote. Huhifadhi saa na stesheni.
Nyekundu: umeme unaokuja ufunguo ukizungushwa.
Nyeusi: waya hasi, unaofungwa kwenye bodi ya gari.
Bluu yenye mstari mweupe: huwasha amplifaya.
Nyeupe: spika ya mbele kushoto.
Kijivu: spika ya mbele kulia.
Kijani: spika ya nyuma kushoto.
Zambarau: spika ya nyuma kulia.

Waya wa spika wenye mstari mweusi ni upande hasi wa spika hiyo. Usiuunganishe na bodi ya gari, kwani utaharibu redio.

Angalia sana hapa: rangi hizi ni za redio mpya. Nyaya za kiwandani za gari lako zina rangi zake, na hazifuati orodha hii. Anayeunganisha manjano kwa manjano bila kupima anabahatisha. Na anayeunganisha wa manjano na wa nyekundu pamoja kwenye umeme wa wakati wote, redio yake haizimiki na ufunguo. Akisahau kuizima jioni, asubuhi atakuta betri imelala.

Kazi ya kumpa fundi

Amplifaya na spika kubwa ya besi. Fanya hesabu hii ndogo. Amplifaya inayotoa wati 500 za kweli, ukigawa kwa volti 12, inahitaji kama ampea 42. Na kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea kama joto, inahitaji zaidi ya hapo. Fyuzi ya redio kwa kawaida ni ya ampea 10 au 15, na waya wake ni mwembamba kulingana na hiyo. Kwa hivyo amplifaya haiwezi kuchukua umeme nyuma ya redio. Inahitaji waya mnene kutoka kwa betri, upite kwenye ukuta wa injini ndani ya mpira wa kuukinga, hadi kwenye buti.

Waya huo lazima uwe na fyuzi karibu na betri, isizidi nusu mita. Fyuzi hulinda waya. Ikiwekwa kule nyuma kwenye amplifaya, mita zote za waya kutoka boneti hadi buti hazina ulinzi. Mahali popote utakapochubuka, moto utaanzia hapo.

Gari lenye mifuko ya hewa, kazi ikifika kwenye usukani au karibu na nyaya zake. Mara nyingi nyaya na soketi hizo ni za manjano. Usizipime kwa taa ya kupimia, usizichomoe.

Gari la haibridi. Nyaya nene za rangi ya machungwa zina umeme mkubwa unaoweza kuua. Hata kupitisha waya wa spika chini ya zulia kunahitaji mtu anayejua zile nyingine zimepita wapi.

Gari ambalo skrini yake imeungana na kamera, vitufe vya usukani au kompyuta ya gari. Ukichomoa ovyo, unaweza kupoteza vitu ambavyo hukujua vimeunganishwa na redio.

Gari lenye dhamana ya muuzaji, au lililonunuliwa kwa mkopo. Soma mkataba wako na wa bima kabla ya mtu yeyote kugusa nyaya.

Namna ya kumjua fundi

Baadhi ya mafundi wana cheti cha majaribio ya ufundi cha NITA, na ni haki yako kuomba kukiona. Wengine walijifunza jua kali chini ya fundi mkubwa na kazi yao ni safi. Kwa wote, maswali haya yatakusaidia:

“Fyuzi utaiweka wapi?” Jibu sahihi kwa amplifaya ni karibu na betri.
“Utakata soketi ya gari?” Fundi mzuri atapendekeza hanesi.
“Waya hasi utaufunga wapi?” Atasema kwenye chuma cha bodi kilichokwanguliwa rangi, kwa waya mfupi.
“Waya wa amplifaya una shaba kiasi gani?” Waya wa alumini uliopakwa shaba hupitisha umeme kidogo kuliko wa shaba tupu wa unene ule ule, kwa hivyo lazima uwe mnene zaidi.

Fundi anayekwambia fyuzi si lazima, au anayeziba fyuzi iliyokatika kwa karatasi ya sigara, mshukuru na uondoke. Fyuzi iliyokatika inakwambia kuna kosa mahali. Itafutwe sababu, kisha iwekwe nyingine ya ampea zile zile.

Kabla ya kuondoka gereji, washa gari ujaribu taa, honi, indiketa na wiper. Taa ya onyo ya mifuko ya hewa iwake kisha izime baada ya sekunde chache. Dai soketi na redio yako ya zamani. Dai risiti inayoeleza kazi iliyofanywa na muda wa dhamana. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya huduma yenye ubora unaofaa, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Mkishindwa kuelewana, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Huko, risiti ndiyo itakayokusemea.

Hesabu ya pesa

Ukitaka kulinganisha, usiweke ada ya fundi upande mmoja na sufuri upande wa pili. Ukifanya mwenyewe, hesabu hanesi, viungio, mita ya kupimia umeme, fremu ya dashibodi, na siku ambayo gari halitafanya kazi. Kama vifaa hivyo utavitumia mara moja tu, ada ya fundi inaweza kuwa nafuu. Njia ya kati ipo pia: nunua vifaa mwenyewe, ng'oa na rudisha dashibodi mwenyewe, umlipe fundi kwa nyaya peke yake. Kubalianeni hivyo mapema.

Jirani naye

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba, kudhibiti kelele na usumbufu kwa umma ni jukumu la serikali za kaunti. Spika ya besi inayotikisa madirisha usiku mtaani ni kelele, hata kama imefungwa kwa ustadi. Tena dereva asiyesikia king'ora cha ambulensi au zimamoto ni hatari kwa wengine. Na usikubali skrini ifungwe ili ionyeshe video mbele ya dereva gari likiwa mwendoni.

Dalili za hatari

Ukisikia harufu ya plastiki kuungua, ukiona spika zinakatika kila mara, fyuzi inakatika tena na tena, au waya una joto ukiugusa, acha kutumia mfumo huo na uukaguliwe. Ukiona moshi, egesha kando, zima injini na utoe watu wote nje. Usifungue boneti wazi, kwa sababu hewa huongeza moto. Tumia kizima moto cha poda kama moto bado ni mdogo, na piga 999 au 112.

Jipime

1. Una redio mpya na hanesi inayolingana na gari lako lisilo la haibridi. Je, unaweza kuifunga mwenyewe?
2. Fundi ameweka fyuzi moja tu, ndani ya buti kando ya amplifaya. Kasoro ni ipi?
3. Redio mpya inakata fyuzi ya ampea 10. Rafiki anakushauri uweke ya 30. Utamjibu nini?

Majibu: (1) Ndiyo, ukiondoa waya hasi wa betri kwanza na kusubiri. (2) Waya wote kutoka kwa betri hadi buti hauna ulinzi. Fyuzi iwe karibu na betri. (3) La. Waya uliopo haubebi ampea 30. Utaungua kabla ya fyuzi kukatika. Tafuta kosa kwanza.